Saladi ya Mkwe

Mke wangu yuko zamu ya usiku hospitali,
ameacha karatasi juu ya friji:
Mama, sukari kumi na tatu. Wali hapana. Mpikie kwinoa.

Nami karani wa masijala,
bingwa wa chai na mayai ya kukaanga,
nasimama mbele ya pakiti iliyonunuliwa Area D
kwa bei ambayo sitaitamka,
maana pazia la sebuleni ni jepesi
na nyuma yake ameketi mama mkwe,
kaja na basi la Hombolo, miguu imevimba.
Mkwe na mkwe hawali chungu kimoja,
hawatazamani usoni.
Ndivyo alivyolelewa, nami pia.
Kwa hiyo tunaongea kupitia mtoto.

"Ndahani, mwambie baba yako aoshe kwanza."

Nimeosha. Maji yametoa povu
kana kwamba nafua kola ya shati.
Naosha tena, na tena,
katika chujio la chai, hakuna lingine,
punje zinaponyoka, zinanata
kwenye vidole, kwenye bomba, kwenye kioo cha saa.

"Bibi, baba anasema zina sabuni."
Kimya.
"Mwambie hata mtama mwekundu una uchungu wake. Aoshe."

Kikombe kimoja, maji viwili, moto mdogo.
Nakata tango.
Nakata kitunguu, nalia kwa sababu halali.
Nyanya za Majengo, ndogo, ngumu, za kiangazi.
Karanga nimezikaanga, nikaziunguza upande mmoja.
Giligilani. Ndimu.

Na zabibu.
Hizi kaja nazo yeye, ndani ya ndoo ya rangi iliyooshwa,
nyeusi, na ule ukungu wake bado haujaguswa.
Miaka ishirini anazipogoa,
anazinyweshea kwa kopo wakati mvua imetudanganya,
na sasa daktari anamhesabia punje: tano.
Nahesabu tano.
Nakata kila moja vipande vinne
ili zionekane ishirini.

Nafunua sufuria. Mvuke unapanda,
na kila punje imetoa kijimkia,
uzi mweupe uliojikunja.
"Bibi! Zimeota!"

Nyuma ya pazia kiti kinalia.
Miguu inaburuzwa, inasimama,
na kando ya pazia unatokea mkono, mkono tu,
kiganja wazi, chenye makovu ya waya wa shambani.
Nampa mtoto kijiko, mtoto anampa yeye.
Mkono unarudi ndani.
Unakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitaji kuonja.

"Mwambie baba yako," anasema,
na sauti imeshuka,
"mwaka wa njaa mama yangu alichemsha mbegu za nyasi.
Zilikuwa hivihivi, na mikia.
Sisi hatukuzitafutia jina."

Mtoto ananitazama, hajui aanzie wapi.
Namwambia nimesikia.

Nachanganya kwa mafuta ya alizeti,
chumvi ncha ya kidole,
kama karatasi ilivyoagiza.
Sahani mbili.
Moja inapita pazia.
Nyingine naila nimesimama karibu na sinki,
mgongo kwa mlango, kwa adabu.

Kijiko chake kinagonga. Kinatua.
Kinagonga tena.
Nje mbwa wa jirani anabwekea upepo,
vumbi la Nkuhungu linagonga bati,
na Ndahani amelala juu ya mkeka
na kipande cha nyanya shavuni.

Hakuna mjumbe sasa.
Nasubiri sahani isukumwe chini ya pazia.

"Mkwe."

Miaka tisa ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza.
Nauambia ukuta: "Naam, mama."

"Ndimu imezidi."

"Ndiyo, mama."

Kijiko kinakwangua sahani,
kinatafuta kitu pembeni, zabibu labda.

"Kesho tia mlenda."

Nachukua karatasi ya friji, naigeuza,
natafuta kalamu kwa muda,
naandika: mlenda.
Naweka tarehe.