Mguu wa Klachi

Bi Sikudhani Mchopa alishuka bodaboda mbele ya gereji yangu, Masasi,
gongo kwapani, funguo za Kresida mkononi.
"Sukari imekula mguu," akasema, kama anataja bei ya nyanya.
"Wa kushoto. Sasa klachi nikanyage na nini?"

Nikamwambia uza.
Nikamwambia kuna vigari vidogo siku hizi, otomatiki, unakaa tu unaelea.
Akanitazama kama nesi anavyomtazama mgonjwa aliyetema vidonge.
"Gari sibadili, Hokororo. Badili mguu."

Injini ya miaka arobaini, silinda sita mstari mmoja,
kabureta, hakuna kompyuta ya kuuliza.
Ukiiwasha inajihesabu:
moja, tano, tatu, sita, mbili, nne.
Aliweka vidole viwili juu ya boneti,
jicho kwenye saa, midomo ikihesabu;
wodi haijamtoka.
"Ya tatu inachelewa."
Nikafungua plagi ya tatu. Nyeusi tii.

Giaboksi ilifika kwa basi kutoka Dar
ndani ya gunia lililowahi kubeba korosho,
ikidondosha oili nyekundu mlangoni kwangu
hata jirani mwenye bucha akaja kuuliza kulikoni.

Posa si ndoa.
Nilizikutanisha uso kwa uso:
matundu saba; manne yakaitikia,
matatu yakageuza shingo.
Nikapaka grisi mgongo wa injini, nikaubandika katoni la biskuti,
na ramani ile yenye mafuta nikaipeleka Nachingwea
kwa Liundi, mkereza,
ambaye hupima kwa ukucha kwanza, ndipo kwa chuma.
"Pleti unene gani?"
"Milimita kumi na mbili."
"Ikizidi?"
"Pampu inakufa."
"Ikipungua?"
"Pampu inakufa."
Akacheka mpaka akavua miwani.
"Hiyo si pleti, ni mkwe."

Umeme ulikatika nikiwa uvunguni,
giaboksi kifuani, siwezi kwenda wala kurudi,
Chitanda, kijana wangu, kabana tochi ya simu kwa meno,
anajaribu kuniambia kitu, simwelewi.
Kumbe bolti ya nne nimeikalia.

Pedali ya klachi niliifungua mwisho kabisa.
Mpira wake umelika upande mmoja tu,
upande wa dole gumba.
Sikuitupa kwenye vyuma chakavu.

Siku ya kwanza tulipanda kuelekea Newala, mimi kwenye usukani.
Giaboksi ile ililelewa na injini ndogo,
ya kupiga kelele kwanza ndipo ivute.
Hii huvuta toka chini, kimyakimya.
Basi ikang'ang'ania gia ya kwanza, sita wale wakilia kama mbuzi wa mnadani,
na ilipoingia ya pili, kishindo: meno yangu yakagongana.
"Hajamjua mwenzie," akasema Bi Sikudhani. "Mpunguzie dozi."
Nikasimama konani, nikalegeza waya wa akseleta
nyuzi mbili za skrubu. Tukajaribu.
Nusu uzi tena.

Kisha akanitoa kwenye kiti.
Mguu wa kulia ukabonyeza taratibu,
kona ya kwanza, ya pili, mlima umesimama wima mbele yetu,
na gia ikapita bila kuaga,
kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.
Moja, tano, tatu, sita, mbili, nne.
Hakusema kitu. Mimi pia.

Ila kila gia ilipobadilika
niliona chini ya kitenge paja lake la kushoto likishtuka,
likikanyaga pedali niliyoitoa mimi
kwa mguu waliouondoa wao,
na kwa wakati wake hasa, wala halikukosea hata mara moja.