Mia Sita na Kumi na Nne

Miaka kumi na tisa nimesoma namba za wengine.
Nafunua mita, napangusa buibui na tope la vyura,
naandika: elfu mbili mia tatu na saba.
Nafunika, napanda baiskeli,
mbwa wananisindikiza hadi kona.

Leo namba iko mgongoni mwangu, kwa pini nne,
na siwezi kuisoma.

Uwanjani, alfajiri ya Kisumu,
baiskeli zimesimama kama panzi waliokunja miguu.
Zipo nyembamba, za kubebwa kwa kidole kimoja;
ipo blekimamba ya Mzee Opanga,
nyuma bado ina mto wa abiria, umechanika pembeni;
yupo mtoto wa Nyalenda, tandiko lake ni gunia na kamba.
Daktari Sohal ananiuliza yangu ina gia ngapi.
Mbili, namjibu. Kukaa, na kusimama.
Anacheka mpaka helmeti inamfunika macho.

Filimbi.
Hatuondoki, tunamwagika,
minyororo yote ikinong'ona kwa pamoja
kama mvua iliyo bado mabati ya jirani.
Magari yamezuiwa. Kumbe mji huu una sauti nyingine:
kijiko ndani ya sufuria,
redio ya kinyozi,
korongo akikohoa juu ya taa ya barabarani.

Otonglo, mahali penye jina la senti kumi,
nazijua nyumba kwa madeni yake.
Lango la buluu, miezi miwili.
Lango la mabati, wanalipa kabla hujafika.
Watoto wananipungia mikono; wakubwa wanasita,
wanatafuta begi langu la risiti.

Kisian, mlima unaingia bila hodi.
Daktari ananipita. Mtoto wa gunia ananipita,
anasema "pole, baba," nayo inauma kuliko paja.
Napinda kushoto, napinda kulia,
naishona lami kama fundi asiye na haraka,
halafu uzi unakatika. Nashuka.

Nimeshukia langoni kwa Peresia Akumu.
Ningechagua lango jingine lolote.
Mwezi wa tatu nilimfungia bomba;
alinitazama bila neno,
povu la sabuni likimkaukia mikononi.

Amenitambua kwa ninavyoshuka,
mguu mmoja kwanza, kama mtu aliyekuja kudai.
Ana jagi la plastiki, lenye ufa uliozibwa kwa nta.
"Kunywa, msoma mita. Haya ni ya mvua.
Hayana namba."
Nikanywa. Nilikuwa na la kusema.
Maji yakanitangulia kooni.

Maseno, penye ikweta, wameweka pipa tuligeukie.
Nilikuwa mtu wa kaskazini
kwa muda wa kukata kona.

Kisha mteremko! Breki zinalia, mpira unanuka,
ziwa linachomoza begani na gugu lake la kijani,
machozi yanakimbilia masikioni
na mimi, mzee wa miaka hamsini na minne,
napiga kelele isiyo na maana yoyote.
Kwa Peresia lango limefungwa,
jagi limefunikwa juu ya nguzo.
Nikapiga kengele. Mara tatu. Sijui kama alisikia.

Uwanjani viti vimeshapangwa juu ya lori.
Lango la upepo linatolewa pumzi, linapiga magoti.
Binti mwenye daftari anauliza, "Namba?"
Nikageuka, nikampa mgongo.
Akasoma polepole, kwa sauti: mia sita na kumi na nne.
Akaandika. Akafunika kalamu.

Jumatatu magoti yalikataa kukunjika.
Kwa Peresia, nikijua mshale wa mita uko palepale nilipouacha,
nilibisha hodi kwanza, nikangoja,
kofia mkononi.

Mbwa wake, yeye,
alinifukuza hadi kona kama kawaida.