Kihamba cha Kibarazani

Siku ya kupima, kamba ilianzia kwenye mparachichi,
ikapita nyuma ya zizi, ikaishia mferejini.
Elirehema huku, Ndelilio kule.
Na mimi, niliyewapikia wapimaji,
nikaongezewa kikombe cha chai.

Sikulia. Nilikwenda chini ya migomba,
pale mama alipozoea kumwaga majivu,
nikachota udongo mweusi kwa sahani
hadi mfuko wa salfeti ukavimba mashavu.
"Wa nini?" akauliza Elirehema.
"Fungu langu. Hili halihitaji kamba."
Stendi ya Moshi mpagazi aliuinua, akaguna:
"Mama, umebeba maiti?"
Nikamjibu, karibu na hapo.

Ghorofa ya tatu, Majengo.
Kibaraza ni hatua nne kwenda,
tatu kurudi, maana ndoo zinanenepa.
Nilipasha msumari kwenye mkaa, nikatoboa vitako vyake,
kwa kuwa mche ukikalishwa majini
hufa kwa kiu huku umeloa.

Ndoo ya rangi ina mnafu.
Dumu la mafuta, ubavu wazi, vitunguu vya majani.
Sufuria ya harusi ilitoboka mapema kuliko ndoa;
humo nyanya zinazaa
bila kuuliza habari za bwana harusi.
Nusu pipa nimeupa mgomba.
Majirani walicheka: mgomba, juu ya saruji?
Umefika kifuani pangu. Haujazaa,
nami sijauuliza.
Najua swali hilo linavyouma.

Asubuhi, mawingu yakifunguka,
Kibo inachungulia kati ya matangi mawili ya maji,
kidogo tu,
kipande cha sabuni kilichobaki.

Kisha mkesha wa Idi nikamwagilia kupita kiasi,
na maji ya tope yakashuka
juu ya shuka jeupe la Bi Shufaa.
Alipanda ngazi nalo mkononi. Hakusalimu.
Aliyoyasema siyaandiki.

Chombo cha saba ni kopo la maziwa ya unga, lina masale.
Nikakata jani moja, nikalipiga fundo,
nikashuka nalo kwa mikono miwili.
Kwetu likiletwa hilo, hasira hukaa chini.
Lakini Bi Shufaa ni mtu wa Pangani.
Aligeuza jani huku na huku, akalinusa,
akauliza, "Hili linapikwa na nini?"

Nilicheka hadi nikakaa kwenye ngazi,
kicheko cha kwanza tangu ile kamba.
Alinitazama, shuka bado limemning'inia begani,
midomo ikamshinda, naye akacheka.
Kesho yake ikapanda sahani ya pilau, imefunikwa kawa.
Mimi nikashusha kikonyo cha masale chenye jicho,
na nusu ya udongo uliobaki mfukoni.

Siku hizi, kabla ya kumwagilia,
nagonga chuma cha kibaraza mara mbili.
Chini nasikia mashuka yakianuliwa,
kisha bati likikwaruza sakafu:
anasogeza kopo lake.
Mferejini kwetu maji yalishuka hivyo,
wa juu akishiba, wa chini akifungua.
Ndoo zangu zikitosheka
linatoka tone, halafu tone,
linatafuta masale ya mtu wa Pangani.