Geti la Saba

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
nachomelea mageti, mwaka wa sita huu.
Mzee Mbelwa hupita na baiskeli,
asubuhi, jioni,
"Pole na kazi!"
cheche zikimkosakosa shati.

Juzi nikalipiga picha geti la saba,
lile la majani ya mkonge,
nikalirusha mtandaoni, namba yangu chini:
Mwantumu Semboja, fundi vyuma, Tanga.

Zikaja sifa toka Mwanza, toka Maskati,
mioyo myekundu mia na kitu.
Bei hakuuliza mtu.

Leo simu imelia. Sauti kama naijua:
"Fundi, nimeliona geti lako kwa mjukuu wangu.
Uko wapi huko, nikufuate?"

Nikazima mashine, nikachungulia nje.
Baiskeli imeegemea ukuta wangu.