Tazama Hapa, Usicheke

Mchana nilipiga nyuso za kipande na za pasipoti:
masikio yote mawili yaonekane, kidevu juu kidogo.
Shati lenye kola nilikuwa nalo moja la kuazimisha,
jeupe, kwenye msumari nyuma ya mlango;
nusu ya Nairobi imelivaa kwa dakika tatu tatu.
Studio ghorofa ya pili, Luthuli, juu ya duka la spika.
Sakafu ilitetemeka kutwa
kwa wateja waliokuja kuonja besi na kuondoka.

Usiku nilifuata roki.
"Roki ndiyo nini?" mama aliniuliza kwa simu kutoka Wundanyi.
Gitaa lililokasirika, nikamwambia.
"Basi likipoa likulipie kodi."
Halikupoa. Halikulipa.
Baa ya Ngara ilinipa chipsi, soda mbili
na ruhusa ya kupitia jikoni.

Wa kwanza walikuwa Kutu, vijana wanne wa Umoja,
makoti ya ngozi mwezi wa Januari,
jasho likiwachuruzika kama umande kwenye mabati.
Sikuwapiga jukwaani.
Jukwaani kila mtu ni nywele na moshi.
Niliwangoja nyuma, penye kreti za bia,
dakika ile masikio bado yanavuma
na uso umesahau kujipanga.
Nikawaambia neno lile lile la mchana:
tazama hapa, usicheke.

Lumbasi alikataa kuweka gitaa chini.
Gitaa nimeshalisikia, nikasema, sasa nikuone wewe.
Akaliegemeza ukutani taratibu,
kama mzazi siku ya kwanza ya chekechea,
akawa anageuka, anachungulia kama bado limesimama.
Picha ndiyo hiyo: shingo imepinda,
macho yamenitoroka.

Mwikali wa Radi Kavu alinguruma hadi taa zikafifia,
na saa mbili asubuhi alikuwa kaunta ya benki, anahesabu noti.
"Uso wangu usitoke," akaniomba.
Nikampiga kisogo.
Kisogo kile kinanguruma hadi leo.

Gazeti lilichapa picha yangu moja katika miaka kumi na tisa.
Naitwa Mghoi. Wakaandika Mboi.
Niliikata, nikaibandika juu ya sinki la dawa,
ikafifia kuanzia jina.

Kisha filamu ikaadimika, chupa za dawa zikakauka,
kila kiganja kikawa studio.
Chumba cha giza nikakipangisha kwa fundi wa simu.
Akabadilisha balbu nyekundu siku hiyo hiyo.

Jumanne moja, foleni ya vipande imefika kwenye ngazi,
akaja mtu mwenye paji la uso ninalolijua.
Kaka yake Lumbasi.
Hakuna picha nyingine nzuri, akasema, wamepekua kote.
Ila hereni ziondoke. Koti pia, wazee wasiulize.
"Na shingo, dada, kama inawezekana, mnyooshe."

Nililitoa shati msumarini,
nikalipiga picha likiwa tupu,
nikamvalisha kwenye kompyuta, kifungo kwa kifungo.
Likamkaa. Limewakaa wengi.
Hereni nilizifuta, moja baada ya nyingine,
nikajichukia zaidi kwa ile ya pili.
Shingo sikuigusa.
Nilimdanganya kaka mtu kwamba mashine imekataa.

Kwenye ibada, kabla ya safari ya Webuye,
picha ilisimama juu ya kigoda, imezungushiwa maua ya plastiki.
Mchungaji akainyooshea kidole:
mwoneni ndugu yetu, amekwisha kututazama sisi,
anatazama kule anakokwenda.
Watu wakasema amina. Baadhi waligeuka kweli,
wakafuata macho yake hadi kwenye dirisha la pembeni.

Mwikali alikuwa safu ya nyuma, sare ya benki.
Tulitazamana. Akauma mdomo, mabega yakamtikisika,
na mimi, kwa mara ya kwanza kazini,
sikumkataza mtu.
Kule alikokuwa akitazama palikuwa na kreti tatu,
ukuta wenye unyevu,
na gitaa la mkopo lililokuwa linaanza kuteleza.