Bado Hajajua

Kerubo amekosa mara tatu.
Nimesikia gongo likikata hewa tupu,
mwalimu Anzaya akainua ngumi, "Tatu!"
na upande wao wa uwanja ukanyamaza
kama ploti stima ikipotea.

Sasa anarudi benchi, gongo linaburura vumbi
la Mukuru, kofia imeshuka hadi puani.

Lakini mpira sinao.
Umenipita katikati ya magoti.
Glavu hii ilishonwa Gikomba kwa uzi wa mkoba,
uzi umeachia hapa, penye kidole gumba,
na mpira unabiringika kuelekea ua wa mabati
bila haraka, kama mgeni anayetafuta namba ya nyumba.

Sikilizeni, ninyi msioujua mchezo huu:
straiki ya tatu nisipoidaka kabla haijagusa chini,
mpigaji hajatoka.
Ameshindwa kupiga, ndiyo, hilo halifutiki,
ila ana ruhusa ya kukimbilia gunia la kwanza,
nami sharti nimguse kwa mpira
au niurushe ufike pale kabla ya miguu yake.
Ni hivyo gunia likiwa tupu,
au wawili wao wakiwa wameshatoka.
Kama pana mwenzake juu yake, na wawili hawajatimia,
ametoka, mpira uanguke usianguke.
Kwa nini? Nilimwuliza Anzaya mwaka juzi.
Akacheka. "Kwa sababu yako wewe, Syombua.
Ungeuangusha makusudi, uwanase wawili kwa mpigo mmoja."
Waliotunga sheria walinijua kabla sijazaliwa.

Leo gunia ni tupu. Ametoka mmoja tu.
Mlango haujakomewa,
na ufa ninauona mimi peke yangu.

Kuna duara la majivu, tulilichora asubuhi.
Akilivuka kuelekea benchi, amejitoa mwenyewe.
Hatua mbili zimembakia.
Ameinama kufunga kamba za kiatu.

Nikiufuata mpira mbio, mbio zangu zitamwambia.
Kwa hiyo natembea.
Mungu anisamehe, natembea
kama mtu aendaye kuanua nguo,
napiga na mluzi.
Ndege ya kutua Embakasi inapita chini, magurudumu nje,
na pale kwenye gunia Nafuna ameinua uso kuitazama.
Korongo wawili juu ya mnara wa simu
wananitazama mimi.

Tulikuwa dawati moja, mimi na Kerubo.
Mwaka ule aliporudia darasa la sita
alikibeba kiti chake mwenyewe, akarudi chumba kile kile
kwa mwendo huu huu,
kichwa hivi hivi,
na sisi tuliopanda tukasimama kibarazani kumpisha.
Hakuna aliyesema neno. Hata mimi.

Sijui ni nini kilichonipata pale karibu na mabati.
Msiite huruma, nitakasirika.
Mguu uliongeza kasi, hatua moja,
kokoto zikalia.

Akageuka.
Akaona mgongo wangu ulioinama, mkono ukipapasa magugu.
Gongo likaanguka upande wake, kofia upande wake,
na Kerubo akakimbia,
kamba ya kiatu kimoja ikimpiga kifundoni.

Nilirusha. Nilirusha vizuri, mnisikie,
mpira ulinyooka kama mstari wa rula,
ila Nafuna bado alikuwa na ndege yake.
Mpira ukampita begani,
ukaenda kugonga ndoo ya maji ya kunywa.

Njambi, mwenye daftari, akauliza aandike nini.
"Andika ameshindwa," mwalimu akasema.
"Kisha andika yuko gunia la kwanza."
"Yote mawili?"
"Yote mawili, kwa kalamu ya wino."

Kerubo akapangusa magoti, akanitazama toka kule mbali.
"Wewe! Ulitaka kuninyamazia?"

Sikumjibu.
Nilikuwa nakaza uzi wa glavu kwa meno.