Sifuri Hadi Kumi

Mgonjwa nambari mia nne na kumi na saba,
Deolinda Frazão wa Porto, mlango wa bluu, ghorofa ya tatu,
kazi yangu ni kukuuliza kila Jumanne:
sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?

Nawe kila Jumanne hunijibu kwa kisa.
Juma la kwanza ulisema ni kama kupanda ngazi za Ribeira
na kapu la sadini kichwani,
viatu vikiwa vya dada yako.
Nikaandika saba.

Juma la tatu, baada ya mionzi:
"Leo viatu ni vyangu. Ngazi ni zilezile."
Nikakuna kichwa. Nikaandika tano.

Wengine hupigwa mionzi mara moja, wengine mara tano,
tuone mfupa upi utanyamaza mapema.
Aliyekupigia kura ni kompyuta kule Coimbra
isiyojua kama u mjane, wala kama una paka.
Siku ya kutia sahihi uliuliza:
"Na hii, mwanangu, itaniponya?"
Daktari Quintela akaligeukia dirisha.
Nikasema mimi: La. Itajaribu kukupa usingizi.
Ukacheka mpaka ukashika ubavu.
"Marehemu mume wangu hakuwahi kuahidi hata hilo."

Fomu ina kurasa kumi na mbili.
Haina kisanduku cha paka,
wala cha Rogério anayepiga simu kutoka Luxemburgo
akiuliza kama umekula,
asithubutu kuuliza la pili.
Niliwahi kuyaandika pembeni kwa penseli;
mkaguzi akarudisha karatasi: *Hayahitajiki.*
Kitanda nisichokilalia,
kunguni wake nawahesabu kwa kalamu.

Jumanne hii umeniwahi kabla sijauliza.
"Tatu," umesema. "Andika tatu."

Tatu. Namba safi, haina kapu, haina ngazi.
Ndiyo tuliyoitaka tangu mwanzo.
Mwakani, ukumbini, mstari utashuka ukutani
na watu wenye beji shingoni watatikisa vichwa, wameridhika,
na kweli wana haki ya kuridhika:
usiku unalala. Hilo si dogo.

Nimeandika tatu.
Paka ameruka kitandani, amekuzunguka, amejikunja.
Wewe umefumba macho.
Nami sijaondoka, fomu imejaa, kalamu i wazi,
nangoja uniambie
leo viatu ni vya nani.